Namna ya Kumtoa Mpangaji

Fundi alijua kujenga nyumba. Kumtoa mtu ndani yake hakuwahi kufundishwa na yeyote, na sasa, uzee ukiwa umeshamkalia mabegani, ilimbidi ajifunze haraka. Kijana wake alikuwa anarudi nyumbani mwisho wa mwezi na mke na mtoto mchanga, na chumba pekee ambamo wangeweza kulala kilikuwa na mtu.

Mtu mwenyewe ni Dobi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono iliyochujuka kwa sabuni, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Alikipanga chumba kile tangu kijana wa Fundi akivaa kaptula ya shule. Alimwita Fundi "Baba" na mke wa Fundi "Mama," wala si kwa ile heshima tu ya kumwita kila mzee baba. Hakuwa na baba wala mama mwingine duniani, na wazee wale hawakuwa na binti.

Habari ya kijana ilikuja kwa simu. Gereji aliyokuwa akifanyia kazi ilifungwa, na mwenye nyumba wake huko akamtumia ujumbe wa simu kwamba ahame. Hilo la ujumbe ndilo lililomkera Fundi kuliko yote. Alizunguka sebuleni akifoka kwamba ni mtu gani huyo asiye na haya, anamtoa mwenzake na mtoto mchanga kwa kubonyezabonyeza simu, hata mlangoni asije. Mkewe alimwacha afoke mpaka pumzi ikamwishia, kisha akamuuliza kwa upole Dobi ataambiwa lini, na nani atamwambia. Fundi akakaa.

"Nitamwambia mimi," alisema. "Si mimi ndiye mwenye nyumba?"

Alisema hivyo kwa kunong'ona, na katika nyumba ile kunong'ona kulikuwa na sababu. Maisha yake yote Fundi aliwajengea watu wengine nyumba zilizokamilika. Ya kwake aliijenga kwa saruji ya kuokoteza, nayo ikaisha kabla kuta za ndani hazijafika juu. Kati ya ukuta na bati palibaki uwazi ambao paka angepita bila kuinama. Aliahidi kuumalizia baada ya mvua, mvua zikaja zikaenda, na ukuta ukabaki pale pale. Kikohozi cha chumba kimoja kilikuwa kikohozi cha nyumba nzima.

Watu hawawezi kuishi hivyo bila kupatana, nao walipatana bila hata kuitisha kikao. Sheria aliianzisha Fundi mwenyewe, Dobi alipohamia: neno lililopita juu ya ukuta halijasikiwa mpaka mwenyewe aje mlangoni aliseme. Sukari ikiwaishia wazee, Dobi hakuleta sukari eti kwa kuwa amesikia. Alipita baadaye akisema amenunua nyingi kwa bahati mbaya. Mke wa Fundi alipougua sana, Dobi alisikia kila alivyojigeuza kitandani, na bado akagonga mlango akaomba kiberiti, akamwona mgonjwa, akashtuka kama mtu asiyejua lolote. Kisha akawa hatoki pale, akimwosha na kumlisha, na mashuka ya nyumba ile hayajawahi kuwa meupe vile. Naye Dobi alipofiwa na dada yake wa pekee, Fundi alimsikia akilia, akakaa kitandani na kofia mkononi, akimngoja atoke aje kuwaambia ili naye apate ruhusa ya kulia. Ilikuwa adabu ya ajabu, lakini ilikuwa adabu, na waliishi nayo kwa amani.

&nbsp;

Alasiri aliyodhamiria kumwambia, Fundi alimngojea Dobi barazani. Dobi akarudi kutoka kazini, akamsalimia, akamuuliza goti lake linalouma limeshindaje, akaketi kwenye ngazi kuvua viatu. Fundi akasafisha koo. Maneno alikuwa ameyapanga tangu asubuhi kama mtu anavyopanga matofali, na sasa hakuliona hata moja. Akasema hali ya hewa inaelekea kubadilika. Dobi akatazama juu, akakubali kwamba kweli inaelekea kubadilika, akaingia ndani na viatu vyake mkononi.

Kesho yake akajaribu tena, akaishia kumuuliza kama sabuni imepanda bei. Dobi akamweleza habari za sabuni kwa kirefu. Mkewe, aliyekuwa akichambua mchele dirishani, alimwangalia mumewe jinsi anavyotikisa kichwa kwa habari za sabuni, akamhurumia, kisha akamkasirikia, kisha akamhurumia tena.

Ndipo wazo likamjia Fundi, na kwa kuwa lilikuwa wazo la kumwepusha na kazi ngumu, alilipenda mara moja. Kwa nini ajisumbue kusema? Ukuta upo.

Jioni hiyo alimkalisha mkewe kitandani, akasogea karibu na ukuta wa Dobi, akapaza sauti kama mtu wa mnadani.

"Mke wangu! Hivi kijana wetu akija na mkewe na mtoto, watalala wapi?"

Mkewe akamtazama kama anayemtafutia homa usoni. "Unauliza nini wewe? Si tumeshazungumza jambo hili?"

Fundi akamkonyeza. "Maana vyumba vyenyewe ni viwili tu! Na kimoja kina mtu! Mtu mwema sana, sikatai, lakini kina mtu!"

Upande wa pili pasi ya Dobi, iliyokuwa ikigonga meza kila anapoigeuza, ikanyamaza. Kisha ikaendelea polepole. Mke wa Fundi akapanda kitandani na nguo zake za mchana, akampa mumewe kisogo. Alimwambia kwamba katika miaka yote ya ndoa yao hajawahi kumwonea aibu mpaka leo. Fundi alikuwa ameinua shingo kuelekea kwenye ule uwazi, akisubiri mlango wa Dobi ufunguke.

Haukufunguka. Asubuhi Dobi aliwasalimia kama kawaida, akachota maji, akamwachia Mama ndoo moja mlangoni kama kawaida, akaenda kazini. Fundi akachanganyikiwa. Hakujua kama hakusikia, au amesikia akachukia, au amesikia akafuata sheria. Jioni akarudia igizo lake, safari hii peke yake, kwa sababu mkewe alijifunga kanga akaenda zake kwa jirani ili asiwe shahidi. Fundi akauliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe, akasikitika mwenyewe. Upande wa pili Dobi akaanza kuimba, kwa sauti ya juu kuliko kawaida yake, kama afanyavyo mtu mwenye adabu anaposikia yasiyomhusu.

&nbsp;

Fundi alikuwa na rafiki mmoja mwenye nyumba za kupangisha, ambaye wapangaji wake walimpa jina la Masharti. Katika kila mlango wake alikuwa ameandika kwa rangi makatazo yake: usipigilie msumari, usipikie koridoni, usilaze mgeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameshatorokwa na wapangaji wengi, na kila aliyetoroka alimwachia sharti jipya.

Alimsikiliza Fundi mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama huwa anakunywa chai na mpangaji huyo. Fundi akakiri kwamba hunywa naye kila Jumapili, na siku nyingine katikati ya juma. Masharti akashika kichwa.

"Hapo ndipo ulipoharibu," alisema. "Mpangaji usinywe naye chai. Ukishakunywa naye chai ni ndugu, na ndugu hahami. Pili, notisi hutolewa mapema, miezi mitatu kabla, si mtoto wako akiwa tayari amefunga mizigo. Tatu, usieleze sababu. Ukieleza sababu umefungua mjadala."

Fundi akasema hayo yote ni mazuri lakini yamepitwa na wakati, na yeye anataka dawa ya leo. Masharti akafikiri, akamshauri akakague chumba. Mwenye nyumba ana haki ya kukagua chumba chake, alisema, na hakuna chumba kisicho na kosa: utakuta ukuta umetobolewa au sakafu imeungua. Ukishaliona kosa unapata hasira kidogo, na hasira kidogo hufungua kinywa. Fundi akaona huo ni ushauri wa mtu aliyekwenda shule. Alirudi nyumbani akijaribu njiani kukunja uso.

Dobi alipoambiwa kwamba Baba anataka kukagua chumba, alifungua mlango wazi na kuvuta pazia ili aone vizuri. Fundi akaingia, mikono nyuma, uso ameukunja. Chumba kilinukia sabuni na nguo iliyopigwa pasi. Kitanda kimetandikwa bila hata mkunjo. Akaangalia ukuta kama umetobolewa, akaukuta mzima. Akaangalia sakafu, akaona ufa uliozibwa vizuri kwa saruji, na kwa jicho la kazi yake akajua mara moja kwamba yeye siye aliyeuziba.

"Nani kaziba hapa?"

"Mimi, Baba. Mchwa walikuwa wanatoka."

Kwenye pembe, chini ya bati, palikuwa na beseni. Fundi akainua macho, akaona tundu ambalo mchana liliingiza mwanga wa jua na usiku wa mvua liliingiza mengine. Akamuuliza beseni lile limekaa pale tangu lini. Dobi akasema muda kidogo tu, akiangalia pembeni, na alikuwa mtu asiyejua kusema uongo. Kitasa cha dirisha hakikuwapo kabisa; dirisha lilifungwa kwa kitambaa kilichosokotwa, kisafi, ambacho bila shaka kilifuliwa kila juma.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na goti lako, Baba. Nikasema asije akapanda ngazi kwa ajili yangu."

Uso wa Fundi ulikuwa umeshakunjuka bila yeye kujua. Makosa aliyaona, mengi, ila yote yalikuwa ya mwenye nyumba. Alisimama katikati ya chumba akiwa amejaa aibu, akaahidi kwamba kesho atakuja na mwiko na karai. Na kesho yake alikuja kweli. Aliziba bati, akatia kitasa kipya, akapiga plasta mahali palipobomoka, akiwa juu ya ngazi na goti lake likimlaumu. Mkewe alimletea maji ya kunywa, akamtazama kutoka chini.

"Umemwambia?"

"Bado."

"Sasa hapo juu unafanya nini?"

"Napiga plasta," alisema Fundi kwa unyonge.

Mkewe akaondoka, mkono kinywani, na haikujulikana kama anacheka au analia. Jioni Dobi akarudi, akakiona chumba chake, akakishikashika kile kitasa, akakifunga na kukifungua. Akamshukuru Fundi sana. Kisha akasema, kama mtu anayetaja jambo la kupita, kwamba sasa chumba kimekuwa kikavu, hata mtu mwenye mtoto mchanga anaweza kulala humu bila wasiwasi. Alimtazama Fundi machoni aliposema hivyo, akangoja. Fundi akatazama karai lake. Akasema saruji ya siku hizi haishiki kama ya zamani.

&nbsp;

Simu ililia katikati ya wiki, mchana, Dobi akiwa kazini. Kijana alisema mambo yamebadilika. Mwenye nyumba wa kule amepata mpangaji mwingine na hataki kungoja mwisho wa mwezi. Vyombo vyao viko uani, na Jumapili watakuwa njiani. Aliuliza kama chumba kiko tayari. Fundi akasema kiko kwenye matengenezo.

"Baba, yule dada ameshahama?"

Fundi akakohoa.

"Hujamwambia?" Sauti ya kijana ilipanda, na nyuma yake mtoto akaanza kulia. "Baba, mimi nina mtoto hapa. Mwambie tu aondoke. Si ni mpangaji?"

Mke wa Fundi alimnyang'anya mumewe simu. Hakuwa mwanamke wa kupaza sauti, na hata siku hiyo hakupaza sana. Alimwambia mwanawe kwamba anajua ana shida, na kwamba kitanda cha kulala hatakosa, hata kama wazee wenyewe watalala sebuleni. "Lakini huyo unayemwita mpangaji," alisema, "ndiye aliyekuwa akinigeuza kitandani wewe ukiwa mbali. Akitoka hapa atatoka kwa heshima. Umenisikia?" Kijana akasema amesikia, akaomba radhi, naye mama yake akamwuliza mjukuu ameongezeka uzito kiasi gani.

Alipokata simu, alikaa karibu na mumewe. Akamwambia kitu ambacho alikuwa amekiweka moyoni. Asubuhi alipoingia chumbani kwa Dobi kuazima sindano, aliona maboksi matupu chini ya kitanda, yale ya dawa, ya hospitali. Nguo za nyuma ya mlango hazikuwapo. Picha ya dada yake imeondolewa mezani.

"Basi anajua," alisema Fundi.

"Anajua tangu jioni ile ulipopiga kelele. Nani asingejua? Hata jirani aliniuliza mna ugomvi."

"Kama anajua na amefunga mizigo, mbona haondoki?"

"Anakungoja wewe," alisema mkewe. "Sheria ya nyumba hii aliiweka nani?"

Fundi alitazama mikono yake, ile ambayo watu waliisifu kwa kunyoosha kuta, na kwa mara ya kwanza aliona alichokuwa amemfanyia yule mwanamke: amemtoa nyumbani kwa kelele za ukutani, halafu akamwachia yeye mzigo wa kujifanya hajatolewa. Yule mtu wa ujumbe wa simu, aliyemtukana kwa kinywa kipana, alikuwa amemzidi. Yule angalau alimwandikia mtu kwa jina lake.

&nbsp;

Alioga. Akavaa koti lake la harusi na misiba, akafunga vifungo vyote. Dobi alikuwa amesharudi. Ndoo yake ilisikika, kisha hatua zake, kisha kimya. Fundi akatoka kwa mlango wa sebule, akapita barazani, akasimama mbele ya mlango ambao aliutia bawaba kwa mkono wake mwenyewe.

"Hodi."

Mlango ulifunguka mara moja, kana kwamba Dobi alikuwa amesimama nyuma yake. Naye alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Hakuna aliyeulizwa kwa nini amevaa hivyo siku ya kazi.

"Karibu, Baba. Pita ukae."

"Siingii," alisema Fundi. "Nikiingia utanipa chai, na nikinywa chai sitasema."

"Basi sema hapo hapo."

Fundi akashika fremu ya mlango. "Kijana wangu anakuja Jumapili. Ana mkewe na mtoto, na hawana pa kulala." Akashika fremu kwa mkono wa pili. "Nakihitaji hiki chumba, mwanangu."

Dobi akaitikia kwa kichwa, polepole. Macho yake yalikuwa yamelowa, lakini bega lake likashuka kama mtu aliyetua ndoo.

"Sasa nimesikia," alisema.

"Ulishasikia siku nyingi."

"Ya juu ya ukuta siyajui mimi." Akajaribu kutabasamu, akaacha. "Kila jioni nilisema leo atakuja. Chumba nimeshakiona, pale nyuma ya bucha. Ningeweza kuhama siku ile ile. Lakini ningehamaje, Baba? Ningekuwa nimekimbia. Watu wangeuliza, kwani mligombana? Mimi sikugombana na mtu hapa. Nimekaa na nyinyi miaka yote hii, nikasema kama natolewa, basi aje anitoe mwenyewe, mlangoni, kama mtu wake."

"Lakini mimi sikutoi," Fundi alianza.

"Baba," alisema Dobi, "nitoe vizuri nipate kwenda."

Basi Fundi akamtoa vizuri. Alimweleza yote tangu simu ya kwanza, bila kuruka kitu: gereji, ujumbe, maneno ya sabuni, Masharti na chai yake. Alisema alimtumia ukuta kwa sababu alimwogopa. Dobi akashangaa, akauliza anamwogopa yeye, Dobi? Fundi akasema kuliko mtu yeyote, maana wengine wakimkasirikia atalala usingizi. Wakacheka wote wawili, kicheko cha pua zilizojaa. Kutoka sebuleni, ambako mke wa Fundi hakuwa akisikia neno hata moja, ilisikika sauti ya mtu anayepenga kamasi.

Dobi akaomba jambo moja. Mwenye bucha ni mtu wa maswali mengi, alisema, na yeye akiwa peke yake mbele ya watu wa namna hiyo ulimi humwia mzito, akaonekana kama ana la kuficha. Je, Baba angeweza kumsindikiza? Fundi alikuwa ameshavaa koti. Walikwenda saa hiyo hiyo.

&nbsp;

Mwenye bucha alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, aproni yake bado ina kazi ya asubuhi. Vyumba vyake vilikuwa nyuma, vimepangana kuzunguka ua wa saruji. Alifungua kimoja akawapisha, akidhani wataangalia dirisha na kusema sawa kama watu wengine.

Fundi akaingia mbele. Aligonga kuta zote nne kwa vifundo vya vidole, akisikiliza. Akafungua bomba la uani, akalifunga, akangoja kuona kama linadondosha. Akaomba kikombe cha maji, akayamwaga sakafuni, akachutama kwa taabu kuyaangalia yanakokimbilia. Aliinua macho juu. Palikuwa na dari ya mbao, na kuta zilifika juu kabisa. Kisha akasimama mbele ya mwenye bucha na koti lake lililofungwa vifungo vyote, akaanza kuuliza. Bati likivuja, litazibwa baada ya muda gani, na je, yeye hupita kuuliza au hungoja mpangaji alalamike? Maana wapo wapangaji wasiolalamika, alisema, na mwenye nyumba anapaswa kuwapitia hao kwanza. Ufunguo wa akiba unakaa kwa nani? Kodi ikitaka kupandishwa, ataambiwa mapema kiasi gani?

"Na ukihitaji chumba chako," alisema, "utakuja kumwambia mwenyewe. Kwa kinywa chako, mlangoni, miezi mitatu kabla. Usimtume mtu wala usipige simu. Hilo nalitaka kabla ya mengine yote."

Mwenye bucha alicheka. "Mzee wangu, wewe unapanga chumba au unanunua nyumba?"

Lakini alikubali moja baada ya jingine, kwa sababu mzee alimfurahisha, na kwa sababu mtu anayeuliza hivyo huwa si mtu wa kutoroka. Dobi alikuwa amesimama karibu na dirisha, mkoba ameukumbatia. Mwenye bucha akamgeukia, akajifuta mikono kwenye aproni, na uso wake ukawa wa kazi.

"Sasa na mimi nikuulize lako, dada. Usinielewe vibaya, kila mtu namuuliza. Mtu mzima akikaa mahali miaka mingi, halafu akatoka ghafla, huwa kuna jambo. Huko ulikokuwa umetoka kwa nini?"

Dobi alifungua kinywa, na kama alivyosema mwenyewe, ulimi ukawa mzito. Damu ikampanda usoni. Alionekana kweli kama mtu mwenye la kuficha.

"Ametolewa," alisema Fundi.

"Na nani?"

"Na mimi. Mimi ndiye mwenye nyumba."

Mwenye bucha akamtazama mzee, akamtazama Dobi, akarudi kwa mzee. "Hapo umeniacha," alisema. "Umemtoa wewe, halafu unamtafutia chumba wewe? Alikukosea nini?"

"Hajanikosea kitu." Fundi alitaka kueleza zaidi, habari za gereji na mtoto mchanga, na hapo akakumbuka kwamba maneno ya kuzunguka ndiyo yaliyomchelewesha siku zote hizi. "Nina watoto wawili," alisema, "na chumba kimoja."

Dobi aligeukia dirishani, akatazama ua kwa muda mrefu, ingawa uani hapakuwa na kitu. Fundi naye akajishughulisha na mlango, akaufungua na kuufunga, akaufungua tena.

"Bawaba hii imelegea," alisema. "Sitaki alale humu kabla haijatengenezwa."

Mwenye bucha akasema haina shida, ataita fundi kesho asubuhi.

"Usiite mtu," alisema Dobi, bado amegeukia dirisha. "Baba yangu atakuja kuitengeneza."